Mama Clara na Kitabu cha Kujazia Risasi

Kwanza yafutwe yasiyo kweli. Mama Clara hatengenezi risasi. Hana kiwanda gerejini, hajamuuzia mtu baruti, na hakuna mgeni anayeingia kwake Katy, nje kidogo ya Houston, na mfuko mtupu akatoka na mfuko mzito. Waliosema hayo kwenye makundi ya simu, wakayarudia kanisani kule Sugar Land baada ya Misa ya Kiswahili huku wameshika sahani za pilau, walikuwa na ukweli mmoja tu: kwamba alionekana mara tatu kwenye duka la bunduki, na mara ya tatu akatoka na kitabu. Hilo ni kweli. Kitabu alikinunua. Yaliyozidi hapo ni mate ya watu.

La pili ni zito zaidi, nalo ndilo lililomtoa nyumbani. Ilisemwa kwamba marehemu mumewe, Sospeter Rwezaura, alikuwa akipima baruti kwa kijiko cha chai, na kwamba risasi zake za kubahatisha ndizo zilizomlipukia rafiki yake Méthode usoni. Ilisemwa na watu waliokula nyumbani kwa Sospeter, wengine wakabebeshwa na makombo.

Jina lake hasa ni Avelina. Alizaliwa Bukoba, akasomeshwa na masista, akahitimu ufamasia Muhimbili, na alipofika Houston akaanza mitihani upya pamoja na vijana wa umri wa wadogo zake, akaipita yote. Ana miaka thelathini na moja katika kazi hiyo. Kila siku huendesha gari saa nzima kwenda hospitalini na saa nzima kurudi, husimama nyuma ya kaunta hadi miguu inajaa viatu, na akifika nyumbani hukaa garini kidogo kabla ya kufungua mlango, si kwa kusali wala kulia, bali kwa sababu kushuka nako ni kazi. Watani wake wa Kitanzania humwita nshomile, kama wanavyowaita Wahaya wote wanaojivunia shule. Hajawahi kukanusha. Amesoma, kwa nini akanushe?

Sospeter alikuwa mhandisi wa mabomba ya mafuta. Mtu mpole, mrefu, mwenye tabia ya kusoma karatasi ya maelekezo ya birika kabla ya kuchemsha maji. Kazini alijua kila bomba linahimili msukumo wa kiasi gani, na nyumbani alitaka kujua vivyo hivyo kuhusu kila kitu. Mwenzake mmoja wa kazini ndiye aliyempeleka kuwinda nguruwe mwitu wanaochimbua mashamba ya watu huko magharibi, na mwenzake huyohuyo ndiye aliyemfundisha kujaza risasi upya.

Kazi yenyewe si uchawi. Risasi ikishapigwa, ganda lake la shaba hubaki. Mwenye subira huliokota, hulisafisha, hulinyoosha kwa mashine ya mkono, huweka fataki mpya kwenye kitako, humimina baruti iliyopimwa kwenye mizani, kisha hushindilia kichwa kipya. Sospeter alikuwa na subira hiyo. Jumamosi alasiri alijifungia gerejini, simu ameiacha jikoni, redio ameizima, na mkewe akimpelekea chai alibisha hodi kwanza. Kila alichopima alikiandika kwenye daftari la jalada gumu kwa mwandiko wake wa kihandisi, herufi zimesimama kama askari. Kitabu alichokuwa akikisoma kilikuwa cha kuazima. Mwenzake huyo alipohamia Oklahoma aliondoka nacho.

Rafiki yake wa kuwinda alikuwa Méthode, Mrundi aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Kasulu, ndiyo maana Kiswahili chake ni cha Tanzania kabisa. Méthode anakaa Haltom City, upande wa Dallas, na mkewe Jeannette, na alikuwa akiendesha gari la kunyanyulia mizigo kwenye ghala moja kubwa la huko. Walikutana kwenye sherehe ya kumpokea padri mgeni Dallas, wakaanza kubishana namna ya kuchuna nguruwe, na tangu siku hiyo hawakuachana. Méthode alikuwa na bunduki kuukuu aliyoinunua kwa mjane mmoja wa Kizungu. Sospeter alikuwa na mpya. Zote mbili zilikula risasi za namba ileile, yaani za kipenyo kimoja.

Sospeter alikufa kwa presha, Jumanne asubuhi, akifunga kamba za viatu. Siku ya arobaini ndugu na marafiki walikutana Katy kuanua matanga, na kama ilivyo desturi, vitu vya marehemu vikagawanywa ili kila aliyempenda aondoke na kitu mkononi. Saa ilikwenda kwa mrithi, mtoto wa kaka yake. Makoti yalikwenda kwa mashemeji. Shemeji mkubwa, aliyekuwa akiongea kwa simu kutoka Bukoba, alisema, "Yule Mrundi wake wa porini apewe zile risasi. Ndizo zitamkumbusha."

Ikawa hivyo. Mama Clara mwenyewe ndiye aliyezitayarisha. Zilikuwa kwenye maboksi ya plastiki yenye mafuta na alama za vidole, na yeye hakuwa mwanamke wa kumpa mtu kumbukumbu ya mumewe katika takataka. Alizipanga zote ndani ya mkebe wa biskuti, ule wa bluu wa duara ambao kila nyumba huishia kuwekea sindano na nyuzi, akautandika kitambaa cheupe ndani, akaufunga utepe. Méthode aliupokea kwa mikono miwili, akapiga goti.

Mwezi wa kumi na moja Méthode alikwenda kuwinda. Alipiga risasi kumi na mbili bila tatizo. Ya kumi na tatu ilirudisha moto nyuma, komeo la bunduki likakwama, na moshi wa moto ukamchoma juu ya jicho la kulia. Jicho halikupotea, ila halikurudi lilivyokuwa. Kazini wakamwondoa kwenye gari la mizigo, wakamweka kufunga maboksi, na kwa mtu aliyezoea kukaa juu ya kiti na kuongoza, kusimama akibandika gundi kutwa kulikuwa fedheha.

Mama Clara alisikia habari za kijiko mwezi wa kwanza, kwenye ukumbi wa kanisa Sugar Land. Aliyemletea alikuwa Kanana, Mkenya mwenye mdomo mwepesi na moyo usio mbaya, ambaye humsaidia kupakua chakula.

"Mama Clara, pole na maneno ya watu."

"Maneno gani?"

"Aki usijali. Ati Mzee alikuwa anapima ile baruti na kijiko ya chai."

"Nani kasema?"

"Watu tu. Si unajua watu."

"Kanana, watu wana majina, na mimi nina masikio. Kijiko cha chai nyumbani kwangu kinakoroga chai."

"Mimi nakuambia tu ndio usisikie kwingine." Kanana akamwongezea pilau ambayo hakuiomba. "Lakini sasa, ilikuaje ikalipuka?"

Hilo ndilo swali alilorudi nalo Katy. Ilikuaje? Aliingia gerejini kwa mara ya kwanza tangu matanga, akawasha taa, akalichukua daftari. Alianza kulisoma amesimama, akaendelea ameketi juu ya ndoo.

Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, uzito wa baruti, aina ya kichwa. Na kila ukurasa ulikuwa na nukta kwenye kona, nyingine nyekundu, nyingine za kijani. Kurasa za nukta nyekundu zilikuwa na baruti nyingi zaidi, na chini ya nukta nyekundu ya kwanza kabisa Sospeter alikuwa ameandika: "Tazama Sura ya Tisa."

Aliyesomeshwa na masista anajua wino mwekundu maana yake nini. Nyekundu ni kosa. Aliona kana kwamba mumewe alikosea, akajua amekosea, akajiwekea alama, na risasi zenyewe asizitupe.

Mara ya kwanza alikwenda dukani baada ya kazi, bado amevaa sare. Vitabu vya kujazia risasi vilikuwa rafu moja, vinene, vimefungwa kwa plastiki. Alikishika kile ambacho jina lake limeandikwa nyuma ya jalada la daftari. Toleo lilikuwa jipya kuliko la Sospeter. Muuzaji, mzee wa Kizungu aliyening'iniza miwani kifuani, alimsogelea.

"Nikusaidie, mama?"

"Nataka kukiona ndani."

"Kimefungwa."

"Naona. Ndiyo maana nakuomba wewe."

"Kikifunguliwa kimenunuliwa."

"Mimi nauza dawa, bwana. Mgonjwa akiniomba asome kibandiko, namsomea kabla hajatoa hata senti."

Mzee alicheka, lakini hakukifungua. Alimwambia arudi Alhamisi, ataleta nakala yake ya nyumbani. Kanana alikuwa upande wa pili wa duka hilohilo na mumewe, wakichagua ndoana za samaki. Mama Clara hakumwona. Hadithi ya kiwanda gerejini ilianzia hapo kwenye ndoana.

Alimpigia simu bintiye Clara, anayefanya kazi benki Dallas. Clara akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mambo hayo yote yapo mtandaoni bure, kwamba kitabu cha bei ile ni cha watu wenye nafasi, na kwamba Baba amekwishafariki, atamsafisha ili iwe nini?

"Ili alale," alisema mama yake.

"Mama, he's already asleep."

"Basi ili mimi nilale."

Mtandaoni aliingia. Alikuta wanaume wasio na majina wakibishana, mmoja akisema kiasi hiki, mwingine akimwita mjinga na kutaja kiasi kingine, wa tatu akisema yeye amefanya miaka arobaini na hajafa. Akaifunga simu. Umbea wa Sugar Land angalau huja na pilau.

Alhamisi mzee alikuwa amekileta kitabu chake, kimechakaa, kina alama ya duara ya kikombe cha kahawa kwenye jalada. Mama Clara alikifungua kama anavyofungua kitabu chochote cha dawa: hakwenda kwenye namba, alikwenda mwanzo. Nani aliyepima? Alipima kwa bunduki gani, ya urefu gani wa mtutu? Hali ya hewa ilikuwaje? Yote yameandikwa. Pale ambapo waandishi hawakujaribu baruti fulani waliacha nafasi wazi, hawakukisia. Hilo alilipenda. Kitabu kinachokubali kunyamaza kinaaminika.

"Wewe hujazi risasi," mzee alisema.

"Sijazi."

"Basi nikuambie kweli, ingawa nitakosa mauzo. Usikinunue. Nusu ya kitabu hiki ni majedwali, na watengenezaji wa baruti wenyewe huyatoa bure. Nitakuandikia anwani yao."

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine ni maelezo. Wanaume hawayasomi. Wanakimbilia namba."

"Marehemu mume wangu aliyasoma."

"Umejuaje?"

Mama Clara akakirudisha kitabu juu ya kaunta, akapokea kipande cha karatasi chenye anwani, akaondoka. Sura ya Tisa hakuifungua. Alijiambia foleni ilikuwa ndefu nyuma yake. Foleni ilikuwa ya mtu mmoja, mwenye mbwa.

Nyumbani alikaa mezani na majedwali ya bure ya watengenezaji wenyewe, daftari upande huu, miwani puani. Alipitia ukurasa kwa ukurasa kama anavyohakiki dozi. Kurasa za kijani zilikuwa chini kabisa, kwenye kiwango cha kuanzia. Za nukta nyekundu zilikuwa juu, lakini hata moja haikuvuka mwisho. Alirudia mara mbili. Hata moja.

Basi Sospeter alikuwa safi. Hakuna kijiko. Mizani yake ilikuwa sawa, na kama mizani yake ilikuwa sawa, basi bunduki ya Méthode ndiyo mbovu. Kuukuu. Ya mjane wa Kizungu. Alichukua simu palepale akarekodi ujumbe wa sauti kwa kundi la akina mama, kwa Kiswahili cha darasani, kila neno limenyooka: kwamba amepitia vipimo vyote vya marehemu kwa ushahidi wa watengenezaji, kwamba vyote viko ndani ya kiwango, na kwamba mwenye bunduki aliyeumia ajiulize kwanza bunduki yake ina umri gani. Aliusikiliza. Ulikuwa mzuri. Ungewanyamazisha hadi Pasaka.

Hakuutuma. Si kwa wema. Ni kwamba daftari lilikuwa wazi mbele yake, na mwandiko wa Sospeter ulikuwa bado unasema, Tazama Sura ya Tisa. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa, mtu yule hakuwahi kuandika neno asilolihitaji. Kama zile namba zilikuwa salama, nyekundu ilikuwa ya nini?

Alijua kwamba akiishia hapo ameshinda. Namba alikuwa nazo, bure. Kitabu kingeweza kumwongezea kitu kimoja tu, nacho ni kile asichokijua. Alikaa na hilo siku nne. Alikwenda kazini, akahesabu vidonge, akarudi, akakaa garini. Siku ya tano alipita njia ya dukani akakinunua, toleo jipya, ndani ya plastiki yake. Mzee alimtazama juu ya miwani.

"Nilikuambia majedwali ni bure."

"Sinunui majedwali."

Alikifungua jikoni, viatu bado miguuni. Sura ya Tisa ilikuwa ya kurasa sita, bila jedwali hata moja. Ilihusu mtu anayejaza kwa ajili ya bunduki zaidi ya moja. Ilisema kwamba kiasi kilicho salama kwenye bunduki moja kinaweza kuwa kingi mno kwenye nyingine ya namba ileile, hasa ya zamani. Kila bunduki ianzie chini na ipande kivyake. Kwa hiyo, ilisema, tenga risasi za kila bunduki katika boksi la rangi yake, weka rangi hiyohiyo kwenye daftari, wala usizichanganye kamwe. Risasi isiyojulikana ilitoka boksi gani isipigwe na mtu yeyote.

Mama Clara alisoma aya hiyo mara moja. Hakuhitaji ya pili.

Maboksi yalikuwa mawili. Aliyaona mbele ya macho yake jinsi yalivyokuwa juu ya meza ya gerejini, yenye mafuta, moja mfuniko mwekundu, jingine mfuniko wa kijani. Nyekundu ilikuwa ya bunduki ya Sospeter, mpya, yenye nguvu. Kijani, baruti pungufu, ilikuwa ya bunduki kuukuu ya rafiki yake. Nukta nyekundu haikuwa kosa la mtu. Ilikuwa ni mtu kumtunza mwenzake, miaka yote, kimyakimya, Jumamosi hadi Jumamosi. Naye mkewe alizimwaga zote ndani ya mkebe mmoja kwa sababu ya utepe, na maboksi akayatupa kwenye pipa, gari la taka likayazoa Ijumaa ile.

Alivua viatu. Akaketi hadi chakula alichokuwa amekipasha moto kikapoa tena.

Jumamosi iliyofuata aliendesha gari kwenda Haltom City. Kutoka Katy ni zaidi ya saa nne kama barabara imekuhurumia, na siku hiyo haikumhurumia. Kitini pembeni aliweka kitabu, daftari, na koti la mvua la kuwindia la Sospeter, ambalo siku ya arobaini alilificha kabatini asimpe mtu. Alisimama mara mbili kununua kahawa, na mara ya pili alisahau kikombe juu ya paa la gari.

Jeannette alimfungulia mlango. Alikuwa mwanamke mnyenyekevu, lakini siku hiyo alisema "Karibu, Mama Clara" kwa sauti ya mtu anayefungua kwa sababu mvua inanyesha. Méthode alitoka chumbani akiwa na soksi. Kovu lilikuwa limekaa juu ya nyusi kama mkunjo wa nguo, na jicho lilikuwa likitoa machozi lenyewe.

"Shemeji! Umeendesha mwenyewe? Kwa nini hukupiga simu nikufuate hata Waco?"

"Kaa, Méthode. Nikikuacha uongee nitashindwa."

Akaketi. Mama Clara akafungua kitabu kwenye Sura ya Tisa, akafungua daftari kando yake, akamweleza, kwa kifupi, bila kujitetea na bila kulia. Maboksi mawili. Mkebe mmoja. Utepe.

"Kosa si la Sospeter," alimaliza. "Wala si la bunduki yako. Ni la mikono hii."

Méthode hakulitazama daftari. Alitazama zulia.

"Shemeji, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kijani na nyekundu. Miaka sita alinipa za kijani tu. Nikigusa nyekundu ananipiga kwenye mkono kama mtoto. Nilipofungua mkebe wako nikaona zimechanganyika."

"Na ukazipiga?"

"Ningefanyaje? Kitu cha marehemu hakirudishwi, na mjane haulizwi mbona umenipa hivi. Nikasema, labda zote ni za kijani. Nikapiga moja, salama. Ya pili, salama. Nikasema Mzee bado ananiangalia." Alijipangusa jicho. "Ya kumi na tatu akageuka kidogo."

Jeannette alisema kutoka mlango wa jikoni, "Mie nilimwambia aseme. Nilimwambia kila siku. Watu wanaongea, wanaongea, na yeye, bouche cousue, mdomo kaushona."

"Yaani ulisikia ya kijiko," Mama Clara alisema polepole, "ukamwacha mwenzio achafuliwe, naye alikuwa akikupimia kando miaka sita?"

"Ningesema, wangesema ni wewe. Yeye amepumzika, shemeji. Wewe ndiye unayeamka asubuhi."

Mama Clara alikuwa amekuja na maneno ya kuomba radhi, ameyapanga njiani tangu Huntsville, na sasa alitaka kumgombeza, na alikuwa amechoka mno kufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Mkebe uko wapi?"

"Juu ya kabati. Sijaugusa tena."

"Niupe."

"Shemeji, kumbukumbu hairudi kwa mtoaji. Nyumbani kwetu ni mkosi."

"Hata kwetu. Kwa hiyo hunirudishii, mimi nabadilisha." Akamwekea koti la mvua magotini. "Hili lilikuwa lake kweli. Ule mkebe ulikuwa wangu na biskuti zangu."

Méthode aliligeuza koti, akatia mkono kwenye mfuko kama mtu asiyejua anafanya nini, akatoa ganda moja tupu na pipi ya koo iliyoyeyuka. Akaanza kucheka. Kisha hakuwa anacheka. Jeannette akaleta chai, na safari hii alipomwambia Mama Clara karibu, alimvutia na kiti.

Risasi zilizobaki mkebeni alizipeleka kwa yule mzee wa dukani azifumue, kwa kuwa hakuna aliyeweza tena kujua ipi ni ipi. Mzee alikubali. Alimuuliza kama kitabu kilimfaa.

"Kilikuwa ghali," Mama Clara alisema. "Lakini nusu ile wasiyoisoma ina thamani yake."

Jumapili ya nne ya Kwaresima, ukumbini Sugar Land, akina mama walipokuwa wakipanga zamu za kupika chakula cha Pasaka, Mama Clara alisimama. Hakuwa na karatasi. Alikuwa amefuta ule ujumbe wa sauti wiki mbili kabla, na hakuandaa mwingine.

"Nina neno moja. Marehemu Sospeter alipima vizuri, kwa mizani, na alitenga za rafiki yake kwenye boksi lake. Siku ya arobaini mimi nilizichanganya kwa mikono yangu, na Méthode akaumia kwa mikono yangu. Méthode mwenyewe nimekwishamwendea. Anayetaka kusema, tangu leo aseme jina langu. La Sospeter aliache."

Mama mmoja aliangalia kucha zake. Kanana, ambaye hawezi kuiacha hewa ikae bure, ndiye aliyesema kwanza.

"Aki Mama Clara. Na sisi tulikuwa tunangoja ufungue duka, tukuje tupige foleni."

Wachache walicheka. Mama Clara mwenyewe karibu acheke.

"Foleni pangeni kwenye sufuria, Kanana. Zamu yako ni Jumamosi."

"Sawa, lakini tuambie basi. Méthode alisemaje? Alikasirika? Na ile kitabu bado uko nayo? Ya nini sasa, kama hutengenezi?"

Kitabu anacho. Kipo rafuni nyumbani kwake Katy, kati ya vitabu vyake vya dawa, na daftari la Sospeter limelala juu yake. Aliyosema Méthode yalisemwa nyumbani kwa Méthode. Mama Clara alichukua mkoba wake, akawatakia Jumapili njema, akaenda kuketi garini.

Ameulizwa tena tangu siku hiyo, kwa simu na ana kwa ana, na watu wa karibu na watu wa mbali. Alilokuwa nalo la kusema amelisema akiwa amesimama, mbele ya watu, mara moja. Hasemi tena.